Nilipiga kura ya kutoka Ulaya, nikamficha mkwe wangu

SWALI

Ndugu Mshauri,

Pokea salaam zangu kutoka Coventry. Mimi ni mama wa miaka 63, mzaliwa wa Muheza, na nimeishi Uingereza tangu mwaka 1999. Kazi yangu ni kutunza wazee, ile ambayo wenzangu wa huku huiita kea, na nimeifanya kwa miaka 22 bila kukosa zamu isipokuwa kwa ugonjwa. Ninakuandikia kwa sababu binti yangu wa pekee hajasema nami tangu Krismasi, na kilichotufikisha hapa ni alama moja niliyoitia kwa penseli kwenye karatasi ya kura tarehe 23 Juni 2016, siku wapiga kura wa Uingereza walipoulizwa kama nchi ibaki katika Umoja wa Ulaya au itoke.

Binti yangu ameolewa na kijana wa Poland. Mkwe wangu huyu aliingia nchi hii mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya Poland kujiunga na Umoja wa Ulaya, akaanza kwa kubeba boksi kweli kweli, si kwa ule utani wetu Watanzania tunapowataja watu wa ughaibuni, kisha akasomea udereva na leo anaendesha lori kubwa. Siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kwangu alikuwa amekwisha kufundishwa kusema "shikamoo mama", na ingawa neno hilo linamkwama mdomoni mpaka leo, hajaliacha hata siku moja. Walioana mwaka 2013. Wana watoto wawili, mkubwa ana miaka 10 na mdogo ana miaka 6.

Sasa nieleze kura yangu. Mwaka 2012 nilifanyiwa upasuaji wa kizazi. Mume wangu alikuwa na kazi ya usiku na binti alikuwa chuoni katika mji mwingine, kwa hiyo nikamwomba dada yangu mkubwa, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, aje aniuguze kwa wiki sita. Alilipa ada ya viza, akapanda basi kutoka Muheza hadi Dar es Salaam mara mbili, akanyimwa. Barua aliyopewa ilisema kwamba afisa hakuridhika kuwa angerudi kwao. Dada yangu alikuwa na shamba la machungwa na duka la kanga, ila hakuwa na akaunti ya benki yenye kitu cha kuonyesha. Wodini, kitanda cha jirani yangu alilala mama mmoja wa Romania, naye dada yake alishuka kwenye ndege siku ya pili akiwa na kitambulisho cha kwao tu, akaja na supu kwenye chupa ya chai. Mimi niligeukia ukutani. Dada yangu alifariki mwaka 2015 bila kuuona mlango wa nyumba yangu.

Kampeni ilipokuja, baadhi ya waliotaka nchi itoke walitufuata sisi wa Jumuiya ya Madola na kutuambia kwamba mlango wa Ulaya ukifungwa, foleni itakuwa moja na watu wote watapimwa kwa kipimo kimoja. Mimi nina pasi ya Tanzania hadi leo, kwa kuwa kwetu uraia wa nchi mbili hauruhusiwi na nina ardhi Muheza nisiyotaka kuiweka mashakani. Lakini kama raia wa nchi ya Madola anayeishi hapa kihalali, sheria ilinipa kura. Mkwe wangu, aliyekuwa amekwisha kulipa kodi hapa kwa miaka 11, hakuwa nayo. Nilipiga kura ya kutoka. Nakuapia sikumchukia mtu. Kwenye kile kibanda cha kura nilikuwa namwona dada yangu na mkoba wake kituo cha basi.

Asubuhi ya tarehe 24 binti alinipigia simu akilia, akaniuliza nimepiga wapi. Nikasema nimepiga ya kubaki. Lilitoka lenyewe.

Mwaka 2019 raia wa Ulaya walioishi hapa walianza kuomba hadhi ya ukaazi ili waruhusiwe kuendelea kuishi. Sehemu ya maombi ilifanywa kwa programu ya simu, na wakati ule programu hiyo ilikuwa haifanyi kazi kwenye iPhone, nayo ndiyo simu aliyokuwa nayo mkwe wangu. Mimi nina Android. Jumapili moja jioni akaja kuiazima. Tulikaa jikoni, akailaza pasi yake mezani na kuweka simu juu yake isome chipu, ikakataa mara tatu, nikaivua kava ndipo ikakubali. Kisha akajishikia simu mbele ya uso huku kioo kikimmulika rangi baada ya rangi. Tulipokuwa tukisubiri jibu akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Mama, hawa watu waliopiga kura ya kutoka, wanatuona vipi hasa?" Nikamjibu kwamba sijui, sina ninayemfahamu hata mmoja. Nikanyanyuka kwenda kujaza maji kwenye birika ambalo lilikuwa limejaa.

Mkesha wa Krismasi uliopita tulikuwa kwao. Desturi ya Wapoland ni kula usiku ule bila nyama, kuweka sahani moja ya ziada kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa, na kabla ya kula kila mtu humegeana na mwenzake kipande cha mkate mwembamba kama hostia huku wakitakiana heri. Tulikuwa tumekwisha kumegeana. Binti akaeleza kwamba Agosti wanahamia Poland, karibu na Poznań, kwa sababu baba mkwe wake amezeeka na yuko peke yake, na kwamba tangu ile kura mumewe hajawahi kujiona tena mtu wa hapa. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuja kutoka Leicester, akacheka akasema, "Msiwalaumu Waingereza peke yao, hata dada hapo alipiga ya kutoka, aliniambia mwenyewe." Binti akanitazama. Alikuwa anasubiri niseme si kweli.

Tangu siku ile amejitoa kwenye kundi la familia la WhatsApp, na ameniandikia ujumbe mmoja tu: "Miaka yote hii uliniacha niseme." Nimeusoma mara nyingi na sijui anataka nijibu nini. Mkwe wangu yeye bado hupokea simu yangu na husema shikamoo kama kawaida, na hilo linaniumiza kuliko kimya cha binti. Mume wangu anasema siasa hupita, ninyamaze. Mdogo wangu anasema nisipige magoti, watu milioni 17 walifanya kama mimi na kura ni siri. Je, ni haki niombe radhi kwa kitu ambacho sheria ilinipa? Tena mjukuu wangu mkubwa ameniuliza kwenye simu, "Bibi, hukumtaka baba?" Nilikata simu. Nimjibu nini?

Bibi wa wawili,
Coventry

JIBU

Dada yangu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliisoma nikitafuta mahali ambapo binti yako amesema kwamba ameudhiwa na kura. Sikupaona. Wewe ndiye uliyesema mwanzoni kwamba kilichowafikisha hapo ni alama ya penseli. Yeye ameandika kwamba miaka yote hii ulimwacha aseme. Hebu kumbuka mara ngapi, kati ya mwaka 2016 na mkesha ule wa Krismasi, alikaa jikoni kwako akiwasema vibaya waliopiga kura ya kutoka, akiwaita wajinga au wabaguzi, akiamini kwamba anamwaga uchungu wake mahali salama, nawe ukimwongezea chai. Siku moja akagundua kwamba muda wote huo alikuwa akimsema mama yake mbele yake. Ndani ya hasira yake kuna aibu, na aibu hiyo wewe ndiye uliyemtwika.

Kwa hiyo umefunga mizigo miwili kwa kamba moja, na lazima tuifungue kabla hujaenda kugonga mlango wa mtu.

Kura yenyewe ndiyo mzigo mwepesi. Waliotaka kutoka walikuwa 17,410,742 na waliotaka kubaki walikuwa 16,141,241, yaani asilimia 51.9 kwa 48.1, na tofauti kati yao ilizidi watu milioni 1 na laki 2. Coventry yenyewe ilipiga ya kutoka kwa zaidi ya asilimia 55. Penseli yako haikulitoa taifa popote. Tena hukuwa peke yako hata miongoni mwa wahamiaji: ingawa wengi wao walipiga ya kubaki, walikuwapo maelfu wenye asili ya Afrika na Asia waliopiga ya kutoka kwa hoja hiyo hiyo ya foleni moja. Priti Patel, aliyekuwa waziri wakati ule na ambaye wazazi wake ni Wahindi waliotoka Uganda, alizunguka akiwaambia wenye mikahawa ya kibengali kwamba wakitoka Ulaya itakuwa rahisi kuwaleta wapishi kutoka kwao. Hapo mdogo wako yuko sahihi. Hakuna anayeweza kukudai radhi kwa kutumia haki uliyopewa na sheria, nami sitakushauri uombe radhi ambayo moyo wako haujaikubali, kwa sababu binti yako ataisikia jinsi inavyolia kama debe tupu.

Lakini hesabu ya mdogo wako haijibu kitu. Niruhusu nikupeleke nyumbani kidogo. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika, mimi nilikuwa na miaka 9, baba yangu alikuwa mtumishi wa reli pale Tanga na shangazi yangu alikuwa ameolewa Mombasa. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huo na haukufunguliwa mpaka 1983. Mkataba wa kugawana mali za Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1984, na wastaafu wake tuliendelea kuwaona barabarani Dar es Salaam miaka mingi baadaye, wazee wenye fimbo, wakidai mafao yao. Babu yetu alizikwa bila shangazi. Hata hivyo, nyumbani kwetu hapakuwa na ugomvi hata wa siku moja juu ya jambo hilo, kwa sababu hakuna aliyekuwa ameulizwa. Lawama zote tulizipeleka kwa wakubwa, na shangazi alipokuja hatimaye alipokewa kwa vigelegele. Waingereza wao waliulizwa, kila mtu peke yake kibandani, achague moja kati ya mawili katika jambo lenye matawi yasiyohesabika, na asubuhi yake kila familia ikawa na swali la kuulizana mezani. Uskoti ilitaka kubaki kwa asilimia 62, London kwa karibu 60, Ireland ya Kaskazini kwa karibu 56, huku Wales na sehemu kubwa ya England zikitaka kutoka. Vijana kwa wingi walitaka kubaki na wazee kwa wingi walitaka kutoka. Wiki moja kabla ya kura, mbunge Jo Cox, aliyetetea kubaki, aliuawa mchana kweupe katika jimbo lake. Ule haukuwa uchaguzi wa diwani, dada yangu, na mzee wako anaposema siasa hupita, hii haikupita.

Haikupita hasa kwa sababu ilikokotwa. Barua ya kujitoa ilipelekwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, mwezi Machi 2017, bunge likaukataa mkataba wa kujitoa wa waziri mkuu Theresa May mara tatu, mrithi wake Boris Johnson akalisimamisha bunge mwezi Septemba 2019 na majaji wote 11 wa Mahakama ya Juu wakasema kitendo hicho ni kinyume cha sheria, na nchi ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020. Kwa miaka mitatu na nusu kila taarifa ya habari ya jioni ilikuwa ikimhusu mkwe wako bila yeye kuwa na neno la kusema. Mwanzoni mwa Juni 2016 wakuu wa kampeni ya kutoka, akiwamo Johnson mwenyewe, waliahidi kwa maandishi kwamba raia wa Ulaya waliokwisha kuwapo nchini wangepewa haki ya kubaki moja kwa moja. Kilichokuja ni maombi, yenye tarehe ya mwisho ya 30 Juni 2021, na asiyeomba akawa hatarini kuhesabiwa kama mtu asiye na haki mahali alipojenga maisha yake. Ndiyo maana mkwe wako alikuwa jikoni kwako na simu yako mkononi.

Hapo ndipo ulipo mzigo mzito. Uongo wa asubuhi ya tarehe 24 ninauelewa. Mtoto analia, neno linatoka, na wazazi wengi wangefanya hivyo. Lile la birika ni jambo jingine. Mtu aliyekuwa akithibitisha kwa mashine kwamba uso wake ni wake alikuuliza swali ambalo nina hakika hakuthubutu kumuuliza Mwingereza yeyote kazini kwake, kwa sababu ninyi wawili mlikuwa wageni mezani, au ndivyo alivyodhani. Alikuwa akiulizia kama anachukiwa. Katika nyumba ile ni wewe peke yako uliyekuwa na jibu la kweli, tena jibu ambalo lingemtuliza: kwamba unamfahamu mmoja wao, kwamba hamchukii, na kwamba alipiga kwa sababu ya dada yake na barua ya viza. Ulimnyima jibu hilo, akarudi nyumbani na lile la kutunga mwenyewe, na binti amekueleza limemfanya nini: hajawahi kujiona tena mtu wa hapa.

Kwa hiyo anza na mkwe kabla ya binti. Najua desturi yetu inakuvuta upite kwa mtoto wako ili yeye akusemee, lakini safari hii kupita kwake ni kumtwika mzigo mwingine. Mpigie simu kijana, muulize siku ambayo haendeshi, mwombe mkutane wawili. Kisha mwambie maneno machache tu: "Mwaka 2019 uliniuliza swali jikoni kwangu nami nikakudanganya. Nilipiga kura ya kutoka, na nilikaa nawe mezani bila kukwambia. Naomba unisamehe kwa kukudanganya." Halafu nyamaza, umwache aseme atakalo, hata kama ni kali. Usiseme "kama nilikukwaza". Usimtaje Johnson wala lile basi jekundu la kampeni ya kutoka, lililoandikwa kwamba nchi inaipelekea Ulaya paundi milioni 350 kwa wiki, kwa sababu hukupiga kura kwa ajili ya basi na yeye atajua unajificha nyuma yake. Usiseme pia kwamba hukumfikiria, kana kwamba hilo ni utetezi. Alikuwa mkwe wako kwa miaka mitatu siku ulipoishika ile penseli, na kutomfikiria ni sehemu ya unayopaswa kuyajibu.

Habari ya dada yako marehemu iache ije baadaye, akikuuliza sababu, na atauliza. Katika barua yako sikuona mahali unaposema kwamba binti yako anaijua. Alikuwa chuoni wakati ule. Huenda anajua tu kwamba mama mkubwa aliomba viza akakosa, kama wanavyokosa wengi, na hajui habari ya supu kwenye chupa ya chai. Mweleze yote, pamoja na ulivyogeukia ukutani. Wapo wengi waliopenda Umoja wa Ulaya, binti yako pengine mmoja wao, ambao hawakuwahi kuona kwamba uhuru ule wa kusafiri, mzuri kama ulivyokuwa, ulionekanaje kutoka kitanda cha pili. Ulichokiona kilikuwa kweli.

Hitimisho ulilolitoa ndilo lililokuwa na kasoro, na nakwambia mapema ili usilipeleke mbele ya binti akakuangushia kwa sentensi moja. Viza ya kutembelea aliyonyimwa dada yako haikuamuliwa Brussels. Kanuni za kumkubali au kumkataa mgeni kutoka Tanzania zilitungwa na Uingereza wenyewe kabla ya kutoka Ulaya, na zimebaki mikononi mwao baada ya kutoka. Mwanawe dada yako akiomba leo, ataulizwa maswali yale yale ya benki na ataambiwa athibitishe kwamba atarudi Muheza. Ile foleni moja ilikuja kweli Januari 2021, kwa mfumo wa pointi za kazi. Mwezi Februari 2022 wakafungua viza kwa watunza wazee, na bila shaka umefanya kazi na Wanigeria na Wazimbabwe walioingia kwa njia hiyo. Machi 2024 wapya wakakatazwa kuja na wake, waume na watoto wao, na Julai 2025 mlango huo ukafungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje. Aliyeufungua ndiye aliyeufunga, na safari hii hapakuwa na Ulaya ya kuisingizia. Kama ukilitazama hilo na kujiona ulikosea, mwambie binti. Kama bado unaona ulikuwa na haki ya kujaribu, mwambie hivyo hivyo pia. Anachotaka kwako sasa ni kusikia unachofikiri kweli, hata kisipomfurahisha.

Mjukuu usimweke akisubiri. Mtoto wa miaka 10 aliyeuliza kama baba yake alitakiwa, kisha akasikia simu inakatika, amejibiwa vibaya tayari. Mpigie leo, hata kabla ya kumwona baba yake, umwambie kwamba unampenda baba yake na ulimtaka tangu siku ya kwanza alipokuamkia, na kwamba kuna jambo ulimficha, nalo utaenda kumwambia mwenyewe. Habari za vyama na asilimia atajifunza shuleni, Poland au popote.

Limebaki jambo ambalo hukuliuliza. Agosti wakihamia Poznań, wewe mwenye pasi ya Tanzania utahitaji viza ya Schengen, yaani ya zile nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, kwenda kuwaona. Ada ni euro 90, kukaa hakuzidi siku 90 katika kila 180, na afisa atataka kuridhika kwamba utarudi Coventry: barua ya kazi, uthibitisho wa ukaazi wako wa Uingereza, taarifa ya benki. Unaijua karatasi hiyo, umewahi kuisoma ikiwa na jina la dada yako. Kuchukua uraia wa Uingereza kungekuondolea usumbufu huo kwa gharama ya ule wa Tanzania, na uamuzi huo ni wako na shamba lako. Ukibaki na pasi uliyonayo, barua ya mwaliko itakayokupa nguvu ni ya mwenyeji wako kule, yaani mkwe wako. Omba mapema, maana majira ya joto miadi hujaa, lakini siku utakayokwenda kumwomba radhi usiitaje barua hiyo kabisa. Mwache aizungumzie yeye, na asipoizungumzia, subiri binti arudi kwanza kwenye kundi la familia ndipo uulize.